Nyumba Thelathini na Nne za Mwalimu Isidore

Mimi sikumfunga Mwalimu Isidore kamba. Wanaosema huko Lweba kwamba Mama Vanessa alimfunga mwalimu kamba asiende kwao, waje waniambie machoni, nyumba yangu wanaijua. Tulimlisha tu. Kama kulisha mtu ni kosa, basi wanawake wote wa Fizi tuko na makosa.

Kijiji chetu kiko juu ya Lweba, kando ya ziwa Tanganyika, mwendo wa saa moja kwa miguu kama huna mzigo kichwani. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita vya pili vya Kongo. Zamani bamama wafugaji wa Bibokoboko, kule juu milimani, walikuwa wanashuka na maziwa siku ya soko, tunawapa visamaki vya ndagala na mafuta ya mawese, tunacheka nao. Mwaka ule hakuna aliyeshuka na hakuna aliyepanda, isipokuwa wenye bunduki. Mimi nilikuwa nawakumbuka, hata kama watu wengine, ambao sasa waliwaita adui, hawakupenda niseme hivyo.

Shule yetu ilikuwa na walimu sita. Wa kwanza alivuka ziwa akaingia kambini Tanzania. Wa pili akamfuata wa kwanza. Wa tatu alipanda mlimani akawa askari, wa nne aliacha chaki akauza chumvi, na direkteri mwenyewe, mkuu wa shule, alikwenda Baraka kuchukua barua, mpaka leo bado anaichukua. Akabaki Isidore peke yake, kijana wa Kazimia, mwembamba, mwenye shati mbili. Madarasa sita, watoto mia moja arobaini na kitu, na kengele ya jante, chuma cha gurudumu la gari, ambayo ilibidi aigonge mwenyewe.

Alianza kuharibika polepole, na sisi tulicheka. Siku moja alimsimamisha mbuzi wangu njiani, akamwita Henri, jina la mwanafunzi wake, akamuuliza kazi ya nyumbani iko wapi. Jumapili nyingine pasta alisema tusimame tuombe, Isidore akaruka kutoka benchi la nyuma: "Kaeni! Nani amewaambia musimame?" Kanisa zima tukakaa, na pasta akakaa. Tulicheka wiki nzima. Halafu asubuhi moja aliandika tarehe ubaoni, akabaki amesimama na chaki mkononi, uso ukutani, tangu saa moja mpaka saa nne. Vanessa wangu ndiye aliyekuja kuniambia. "Mama, mwalimu amezimika."

Vanessa ni binti yangu, na habari hii yote ni kwa sababu yake, sitaficha. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita. Mara mbili alikaribia mtihani wa mwisho na mara mbili vita vilitufukuza, tukalala porini na daftari zake zikageuka karatasi za kuwashia moto. Mwaka ule aliniambia wazi: "Nikikosa tena, sirudi kukaa na batoto badogo. Nitalima." Na mimi baba yangu alinitoa shule darasa la tano mwezi wa pili, nikalima, kwa hiyo najua shamba linavyomeza mtoto. Mtihani ulikuwa mwezi wa sita kule Baraka. Ilibaki wiki sita.

Basi mwanzoni mwa mwezi wa tano Isidore akaitisha mkutano wa wazazi, akasema anarudi kwao Kazimia, kwa kaka yake, kupanga samaki katika makarai. "Samaki hawainui kidole kuomba kwenda kukojoa," alisema.

Papa Eugène alisimama. Yeye ni prezida wa komite ya wazazi, na anapenda kusimama. Akasema: "Mwalimu ni mushumaa. Anaungua ili batoto ba wengine baone."

"Papa Eugène," Isidore akamuuliza bila hasira, "mushumaa ukiisha unaenda wapi?"

Papa Eugène akakaa. Isidore akatutazama wote, akasema neno moja: "Nimechoka."

Ee Mungu wangu, makelele tuliyopiga! Wote tumechoka! Nani hajachoka? Vita vimekuchagua wewe? Bamama wanabeba mihogo na watoto mgongoni, wanakimbia risasi, nao waseme nini? Tulimzomea. Na sauti iliyopita zote ilikuwa yangu. Nikasema: "Kama kuchoka ni kazi, mimi ningekuwa minisita!" Watu wakapiga makofi, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Lakini Isidore hakutetemeka, na nikaona kweli atakwenda. Ndipo nikakumbuka desturi.

Kwetu mtu anayehama hatoki hivi hivi kama moshi. Kila nyumba inampikia, anakula, anaaga, wanashikana mikono. Nyumba asimokula inabaki na kinyongo na safari yake inaharibika. Hilo kila mtu analijua, hata mtoto. Nikasimama nikasema: "Sawa, mwalimu aende, lakini aage kama muntu, si kama mwizi. Na desturi inasema siku moja nyumba moja. Kula mbili ni kumuambia wa pili chakula chake ni cha kujazia. Na Jumapili haihesabiwi."

Hiyo ya siku moja nyumba moja niliitunga palepale, nikaitoa kwa sauti ya marehemu bibi yangu, na nani atabishana na marehemu? Kijiji kilikuwa na nyumba thelathini na nne. Toa Jumapili, mtihani unamkuta bado yuko kwetu. Bamama wote walielewa bila kuambiwa, nikaona jirani yangu Espérance anajifunika mdomo na kitenge. Nikaongeza kwamba nyumba yangu itakuwa ya mwisho, maana ndimi niliyekumbusha.

"Sawa, Mama Vanessa," Isidore akasema. "Kama ni desturi."

Usiku ule nililala kama mtoto. Asubuhi watoto walipanga mistari yao mbele ya shule, saa moja ikafika, saa moja na nusu, jante likanyamaza. Papa Eugène akaenda kuangalia, nami nyuma yake. Tulimkuta Isidore amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, anaosha miguu.

"Mwalimu, batoto bamefika," Papa Eugène akasema.

"Wasalimie."

"Na masomo?"

"Papa, mi ni muntu wa kuaga. Tangu lini muntu wa kuaga anapewa kazi?"

Nikaona nimejitega mwenyewe. Kwa maana hiyo nayo ni desturi, na hiyo sikuitunga mimi. Mtu anayeaga ni mgeni wa kijiji. Hapewi jembe, hapewi ndoo ya maji, na chaki nayo hapewi. Mimi niliyewaapia watu wote kwa bibi yangu, nilikuwa nimemfunga mwalimu kijijini na kumfungua shuleni.

Papa Eugène akajaribu: "Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyo ni mgeni anayekuja," Isidore akajibu, anajipangusa vidole. "Mi naondoka."

Papa Eugène akanigeukia mimi, uso umejaa furaha mbaya. "Mama Vanessa, aliyeleta desturi alete na mwalimu."

Ndivyo nilivyoingia shuleni, mimi Pulchérie, mke wa mvuvi, darasa la nne kamili. Nilijiambia, ni watoto tu, nimezaa sita. Kufika saa tatu sauti ilikuwa imekwisha. Darasa la kwanza wote wanataka kukojoa, na ukimruhusu mmoja, kibofu cha wote kinajaa. Darasa la pili wanapigania kipande cha kalamu ambacho hata mimi sikukiona. Mmoja wa darasa la tatu akaniuliza kwa nini siku iko na saa ishirini na nne na si ishirini. Nikasema: "Muulize baba yako." Jioni baba yake akaja kuniuliza.

Na wazazi! Nafika nyumbani nitwange sombe, majani yangu ya mihogo, nakuta mama mmoja mlangoni: mtoto wake amerudi na shati limepasuka. Mwingine: mtoto wangu humwiti ubaoni, unamchukia? Mwingine ameleta mtoto mzima nimchape kwa sababu ya jambo walilogombana nyumbani. Nikataka kuwatukana, halafu nikakumbuka kwamba na mimi, mwaka mzima, kila jioni nilikuwa nasimama hivyo hivyo mlangoni kwa Isidore. Nikawasikiliza. Sombe ikaungua.

Wiki ya pili nilianza kumwita mume wangu "wewe wa nyuma." Nikamkamata Espérance, aliyesoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari na kuolewa, nikampa darasa la kwanza na la pili. Akasema ana mtoto wa kunyonyesha. Nikamwambia amnyonyeshee humo humo, atajifunza herufi mapema. Darasa la tatu nikampa Papa Eugène, mbele ya mke wake, akashindwa kukataa. Mshumaa wetu ulizimika siku ya pili saa nne, akasema anakwenda kuangalia mtego. Mke wake akamrudisha kesho yake, amemshika mkono.

Na Isidore? Isidore alikuwa anakula. Samaki wa mikebuka kwa Mama Henri, kuku kwa pasta, ugali na nyama ya mbuzi kwa Papa Eugène. Mchana analala, alasiri anakwenda kuoga ziwani. Mashavu yakatoka. Nikipita mbele yake nywele zimejaa chaki ananisalimia kwa heshima: "Kazi njema, mwalimu." Ningeweza kumpiga na kifutio.

Darasa la sita ndilo liliumia. La nne na la tano nilisukuma, lakini la sita, mahesabu ya sehemu na Kifaransa, nani angefundisha? Vanessa na wenzake kumi na mmoja walikaa pembeni na kitabu kimoja wakigombana nacho. Jioni moja aliweka sahani chini, hakula. "Mama," akasema, "umetubakishia mwalimu wa kukula. Wa kufundisha amekwenda." Kisha akaenda kulala. Niliona aibu, niseme kweli, aibu ya kuwasha masikio.

Wiki ya tatu, Alhamisi, risasi zikalia juu mlimani. Si mbali. Nilipiga kelele "Kimbieni!" na hakuna mtoto aliyekimbia. Wote, wakubwa kwa wadogo, walishuka chini ya madawati, tumbo sakafuni, mikono kichwani, kwa utaratibu kabisa, kama watu wanaoingia kanisani. Nilibaki mimi peke yangu nimesimama. Mtoto wa Mama Henri akanivuta kitenge. "Mama, lala. Halafu utuhesabishe."

"Niwahesabishe nini?"

"Mara saba. Mwalimu anaanza, sisi tunajibu, mpaka inyamaze."

Nikalala kwenye vumbi. Nikaanza: saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Nikafika saba mara sita, nikakwama. Risasi zinalia na mimi sijui saba mara sita! Vanessa ndiye aliyesema kutoka pembeni, taratibu, "Arobaini na mbili, Mama, endelea," na watoto wote wakaitikia. Tulikwenda mpaka mara kumi na kurudi mara nne. Iliponyamaza waliinuka, wakajipangusa magoti, darasa la kwanza wakaomba kwenda kukojoa.

Nilikaa pale chini nikafikiri: hii amefanya mara ngapi, yule kijana, na watoto mia moja arobaini, peke yake? Halafu jioni anatukuta sisi mlangoni na mashati yaliyopasuka. Na aliposema amechoka, nilimjibu nini? Nikalia, mbele ya darasa la pili, na wao wakanicheka.

Kesho yake nilishuka Lweba kumtafuta Bertin, mwenye boti ya kwenda Kazimia. Nilitaka kumwomba amtengenezee Isidore nafasi nzuri, karibu na mbele, asilowe. Nilikuwa nimekubali aende. Nitapika mapema, nyumba zilizobaki nitazifuta, Vanessa atanisamehe siku moja.

Bertin akakuna kichwa. "Isidore? Aliniomba nafasi siku moja, mwezi huu ukianza. Kisha akaja akasema nimupe muntu mwingine. Nimepita hapa mara tatu, anaoga tu, ananipungia mukono."

Weee! Ile njia ya saa moja niliipanda nusu saa. Huruma yote ya jana iliishia njiani. Nilimkuta kwenye kigoda chake, mchana kweupe, anakata kucha.

"Wewe! Umeacha boti ya Bertin tangu lini?"

Hakushtuka. "Tangu nyumba ya tatu."

"Nyumba kumi na tano umekula kwa uongo? Kuku wa pasta!"

"Mama Vanessa, kaa." Nilikaa, maana nilikuwa nahema. "Mwezi wa pili niliwaomba konje ya siku tatu, nipumzike tu, mukasema batoto bataharibika. Niliwaomba muntu mumoja tu wa kunisaidia darasa la kwanza, mukasema badogo si kazi. Nikasema nimechoka, mukanizomea, na wewe ukataka kuwa minisita. Siku niliposema naondoka, ndiyo mulinipikia."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Hapana. Siku ile nilikuwa naondoka kabisa. Mi nilikuwa nimekufa, mama, nilikuwa natembea tu. Halafu nikakula kwa nyumba tatu, nikalala muchana, hakuna aliyegonga mulango. Siku ya ine niliamka nikasikia darasa la sita wanakosea mahesabu ya sehemu, nikakasirika. Miezi mingi sikuwa nimekasirika. Nikajua nimepona kidogo." Akatabasamu, mwizi yule. "Lakini desturi ni yako. Nyumba zimebaki kumi na tisa."

Nilitaka kumtukana na nilitaka kumkumbatia, nikakosa la kufanya kwanza. Nikamuuliza anataka nini. Alikuwa amejitayarisha, hakufikiri hata kidogo: Espérance abaki na darasa la kwanza na la pili. Papa Eugène abaki na la tatu, hata kwa kushikwa mkono. Mimi nibaki na la nne. Na Ijumaa mchana mtu yeyote asigonge mlango wake, hata nyumba ikiungua.

Nikaitisha mkutano. Nilisimama mbele ya watu nikasema ile ya siku moja nyumba moja niliitunga, bibi yangu anisamehe. Nikasema nilimzomea mtu mzima aliyesema kweli, na ninaomba msamaha. Papa Eugène alianza kucheka, nikamuuliza saba mara sita ni ngapi, akaacha. Kisha nikatoa chaki kwenye kitenge, nikaiweka mkononi mwa Isidore. "Siku ya tatu imepita zamani," nikamwambia. "Shika jembe." Jioni ile wa darasa la sita walisoma mpaka jua likaingia ziwani, na wiki zote tatu zilizobaki vilevile, yeye na wale kumi na wawili tu.

Walikwenda Baraka kwa miguu. Askari wa kizuizi waliwafungua mifuko wakakuta kalamu na mihogo ya kuchemsha, wakachukua mihogo. Vanessa alifanya mtihani na njaa. Alifaulu. Kati ya kumi na wawili walifaulu tisa, na mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika tena, safari hii kwa raha.

Isidore amezeeka hapa hapa, ameoa hapa hapa. Kila mwezi wa tano ananipitia mlangoni. "Mama Vanessa, nyumba yako bado." Na mimi namjibu: "Mafuta imekwisha, mwalimu." Sijampikia hata yai. Akitaka kula, aende kwa mke wake.

Vanessa sasa anafundisha Baraka, darasa la kwanza, watoto themanini na watatu. Mwaka jana alikuja Jumapili bila habari, akakaa jikoni kwangu, akaweka mkoba chini kama mtu anayetua mawe.

"Mama," akasema, "nimechoka."

Kulikuwa na maneno mengi mdomoni mwangu, nayajua yote, niliyasema zamani kwa sauti kubwa. Niliweka sufuria motoni, nikamtandikia mkeka, nikamwambia alale. Kisha nikamuuliza kesho shule yake inaanza saa ngapi, nikaanza kutafuta viatu vyangu.